Nukta Milioni Sita

Dukani kwa Asaa, Wete, laptopu mbili zimefunguliwa.
"Hii ina nukta milioni nane.
Hii, milioni mbili na ushei."
Nikainama mpaka pua ikagusa kioo,
nazitafuta hizo milioni sita.

Nikaona nyasi za uwanja, jani kwa jani,
na jasho kwenye shingo ya golikipa.
Asaa akafungua jedwali la mahesabu:
tarakimu zimekuwa sisimizi,
kila nikizihesabu zinatawanyika.
"Si utazikuza tu!"

Mimi karani wa skuli.
Mchana, majina mia nne ya wanafunzi;
usiku, mdogo wangu Shaame,
mabao, na matusi ya kindugu.

Shaame akashika padi.
Kwenye kioo cha milioni nane
mshambuliaji akapiga chenga, akaganda mguu juu,
kama aliyesahau alichofuata jikoni.
Feni ikavuma. Chaji ikashuka
kama maji ya pipa linalovuja.
Kwenye kile cha pili
mpira ulikuwa wavuni sijapepesa jicho.

Umeme ukakatika.
Duka zima giza, vioo viwili tu vinawaka.
Nikarudi nyuma hatua mbili,
masafa yale yale ya mkekani kwetu,
mgongo ukutani, laptopu juu ya stuli.
Kipi ni kipi?
Wallahi sikujua.

Nikalipa cha bei ndogo.
Kwa pesa iliyobaki nikachukua padi ya pili,
Shaame anifunge
nisiwe na kisingizio.