Kipande cha Sita

Nyasi hazina mdomo. Ndiyo maana watu huzionea.

Nilirithi ekari kumi na moja za mkonge uliokufa
hapa Pongwe, ng'ambo ya reli,
visiki vyenye miba, vumbi jeupe la chokaa,
na kaka yangu Mhando na kiberiti chake.
Kila Januari alichoma.
Alisema moto huleta majani mabichi, na kweli yalikuja,
wiki tatu, mororo kama nywele za kichanga.
Kisha kupe wakarudi.
Udongo haukurudi.

Mwaka ule nilimpokonya kiberiti
nikakitumbukiza kwenye ndoo ya maji
mbele ya ng'ombe wote sita.
Hakusema nami mpaka Idi.

Nikakata milingoti ya mkonge, nikagawa shamba vipande saba,
siku nne hapa, siku nne pale,
na daftari la mwanangu lenye twiga kwenye jalada:
*Jumatatu. Kipande cha pili. Zimefika goti. Ingiza.*
*Ijumaa. Zimebaki ngumi moja. Toa.*
Hiyo tu ndiyo elimu yangu:
ingia gotini, toka ngumini.
Anayekula mpaka shinani amekula na kesho.

Majirani walipita na baiskeli wakicheka:
Kidawa analinda majani kama benki!
Nikawajibu, benki haijanikamulia hata kikombe.

Cha sita sikukigusa.
Ukoka ulilala chini kama mkeka, nyasi ndefu zikasimama juu yake,
mikunde ikatambaa katikati, ikizishika shika miguu.
Kichwani nilishazifunga robota mia na ishirini,
nilishaziuza, nilishanunua bati.
Tena bati la rangi.

Vuli ikapita bila kubisha hodi.

Akaja Sepilu kutoka upande wa Handeni,
ng'ombe thelathini na mmoja, mbavu zinahesabika kutoka barabarani.
Hakuniomba kwanza. Alichuchumaa kwenye uzio,
akang'oa bua moja, akalitafuna, akalitema.
"Zimezeeka zikikungoja," alisema.
"Nyasi usiyoilisha nayo hufa, mama.
Ila hufa imesimama, kwa hiyo huoni."

Nikakasirika. Nani amekuita ukague?
Nikarudi ndani, nikafunga mlango, nikafungua daftari,
nikaona kweli: cha sita, cha sita, cha sita,
miezi mitano nimeandika neno moja tu, *Subiri.*

Usiku ule sikulala.
Ng'ombe mwenye njaa kali halii.
Anapumua tu.
Pumzi thelathini na moja ng'ambo ya reli,
na garimoshi la mizigo likapita, likazinyamazisha,
likaenda zake, zikaanza tena.

Alfajiri nikatoa milingoti miwili.
"Siku tatu," nilimwambia. "Wakifika ngumini unatoka,
hata kama unachukia."
Akakunja ngumi, akaipima ardhini, akacheka.
Siku ya tatu, saa nne asubuhi, alitoka mwenyewe.
Usiku wote mitatu aliwalaza kwenye kile kipara cha pembeni
ambapo mkonge uliua kila kitu
na mimi nilikuwa nimeshapakatia tamaa.

Fedha hakuniachia. Alisema atarudi na mtamba.
Hajarudi.

Masika yakaja kwa fujo, yakang'oa hata kibao cha stesheni.
Siku ya kumi na tisa nilipita kwenye kipara
nikidhani nimepotea shamba langu:
kijani, kizito, chenye umande mpaka magotini,
na harufu ya samadi iliyosamehewa.

Bati bado sijanunua.
Mvua inavuja jikoni, naweka sufuria,
nasikiliza tone likigonga aluminiamu
na kule nje maji yaleyale yakinywewa kimyakimya.

Siku hizi daftari anashika Mhando,
mwandiko wake kama kuku amekanyaga wino.
Leo ameandika, kisha akapigia mstari mara mbili:
*Cha sita. Goti. Usisubiri.*