Vespa ya Faki

Mama kanambia Faki, si mtu wa kuamini,
Dukani hakopesheki, jina lipo ukutani,
Vespa yake haiwaki, isiposukumwa chini,
Na msukumaji, haki, mie, kanga kiunoni!

Kakopa kwa mapatano, atalipa Jumatatu,
Zimekwisha kwenda tano, sijaona senti katu,
Juzi kaja na mkono mtupu, na pipi tatu,
Nikazivunja kwa meno, deni nikafuta, watu!
Mama kashika kiuno: “Kwa pipi? Kwa pipi tatu?”

Najua yatapasuka, Bikombo kafua leso,
Kaikunja, kaiweka kabatini, ya mateso,
Basi leo imewaka! Kanga yanifunga uso,
Chake Chake twaishuka,
na breki… sijauliza.