Nakala Mia Tatu

Wanafika kabla sijafungua duka,
picha ya paspoti ndani ya bahasha ya kaki.
Wanataka nakala mia tatu, kabla ya saa nne,
maana gari la maiti limeshapita Same.

Kazi yangu kuandika. Alizaliwa. Alisoma. Alioa.
Alijaliwa watoto saba, wajukuu, kitukuu mmoja.
Alianza kusumbuliwa na presha mwaka juzi.
Apumzike kwa amani. Hiyo siichapi tena,
imo kwenye kompyuta, inangoja jina.

Anaeli Foya alionja kahawa mnadani
miaka thelathini na mmoja.
Alivuta kijiko kwa mlio wa kitambaa kinachochanika,
akatema, akasema: "Hii ya Uru juu. Ilianikwa siku ya mvua."
Na mnunuzi wa ng'ambo akashusha kalamu.
Ulimi ulimtangulia kufa.
Mwaka wa mwisho alikunywa uji
asijue una sukari au chumvi.
Wanawe wakasema, hilo toa.
Nikatoa.

Bi Zuhura wa Njoro hakuletwa kwangu.
Wenzetu huzika mapema, hawangoji mashine ipate joto.
Nilisikia tangazo la msikiti, nikafunga duka.
Nusu ya waliopokezana jeneza
aliwapokea yeye, Mawenzi, umeme umekatika,
kandili imeshikwa na mfagizi.
Mimi nilitanguliza miguu, mama husimulia;
akanigeuza taratibu, kama chapati isiungue.

Harbans Singh, fundi saa.
Mpwa wake alitaka nakala ishirini tu,
na mstari mmoja kwa herufi ambazo kibodi yangu haina.
Nikaacha nafasi. Akaijaza kwa mkono,
ishirini zote, amesimama, wino ukimchafua kidole.
Saa yangu ilibaki kwa mzee.
Sikuthubutu kuiulizia.

Na Ndewario, golikipa wa timu ya reli,
penalti tatu mchana mmoja, mpira wa mvua, glovu za kushona!
Mazishi yalikuwa na spika nne na mkuu wa wilaya.
Shada lilikuwa pana kuliko mlango wake wa Pasua,
mlango ambao wiki iliyopita
ulifungwa kwa kamba ya katani.
Alikuwa anadaiwa sabuni mbili na kiberiti.
Mwenye duka alikuja na daftari,
akasikiliza hotuba zote,
akaondoka nalo kwapani.
Hilo halikuandikwa popote.

Nina faili. Nimeliita Vilivyotolewa.
Mke wa pili wa Marangu yumo.
Chupa chini ya kitanda cha mwinjilisti imo.
Uji wa Anaeli umo.
Wakati mwingine, jioni, mlima ukifunuka kidogo
halafu ukajifunika kama aliyekosea nyumba,
nafungua nasoma,
na mji unarudi, una pumzi, una madeni.

Leo amekuja kijana, bahasha ile ile.
Mama yake aliuza ndizi Kiboriloni.
"Andika tu alikuwa mtu wa kawaida, kaka.
Hakuwa maarufu."
Namuuliza: alikuwa anacheka nini?

Anasimama.
Printa inaunguruma bila karatasi.
Anafungua mdomo, anaufunga,
anaangalia picha.

Simu yake inaita. Gari limefika Himo.