Ameketi Kabla ya Kubisha

Usiifungulie dirishani, Bwana Fakhri, jua litaila.
Ilete huku, kwenye meza yangu ya kukatia vitambaa.
Harufu hiyo si achari, wala sijamwaga siki:
ni filamu yazeeka, nayo huzeeka kwa uchachu.

Mikebe saba. Kutu vifunikoni, namba kwa rangi nyekundu,
mwandiko wa babangu, aliyeandika saba kama ndoana.
Umekuja usiku kucha kutoka Nairobi kwa ajili yake,
na glavu nyeupe, na lenzi ya sonara.
Wasema duniani zimesalia nakala tatu.

Mchezo wenyewe waujua: kinyozi ampenda binti wa hakimu,
hakimu ana upara,
na kila wapenzi wakitaka kushikana mikono
bendi nzima yatoka nyuma ya pazia.
Hakuna afaye. Hakuna hata akohoaye.
Watu huimba wakipanda ngazi, huimba wakidaiwa kodi.

Sasa inua mkebe wa nne, uutazame kwenye taa.
Uungo huu hapa. Gundi imekuwa rangi ya chai.
Jumatano moja, onyesho la wanawake,
ukumbi umejaa mabuibui, watoto, viazi karai kwenye karatasi,
mashine ikaitafuna filamu, uso wa kinyozi ukatoka malengelenge.
Baba akakata urefu wa mkono, akaunga, akapiga bismillahi.

Tangu hapo, huku Mombasa, kinyozi yuwasimama nje, ngumi juu,
kisha papo hapo
ameketi sebuleni, kikombe mkononi,
na hakimu keshakasirika.
Kicheko! Bi Mwanashuru alipoteza kiatu asikitafute.
Wiki ya pili walirudi kuona kuruka kule, si nyimbo.
Kuze yote ikapata msemo wa mdowezi:
huyo ameketi kabla ya kubisha.
Hata posa yangu ilijibiwa hivyo,
tukacheka, nikaolewa.

Wasema katika nakala yako kinyozi yuwabisha mara tatu,
mjakazi afungua, wasemezana, yote kamili,
nawe utaliziba pengo letu, na bei ipande maradufu.

Nimekusikia. Kahawa yapoa.
Chukua wa kwanza, na wa pili, na wa saba wenye harusi.
Wa nne niachie.
Miaka hamsini sijajua mjakazi alimwambia nini pale mlangoni,
nawe usinambie.