Jogoo Mweupe wa Mwezi Juni

Theluji imeondoka Igloolik bila kuaga.
Imebaki vipande vipande nyuma ya mawe,
kama sabuni iliyosahauliwa kando ya karai.
Nchi nzima imevaa kahawia:
nyasi kavu, ukoga wa mawe, tope.

Na yeye bado mweupe.

Kwale wa theluji, dume,
amesimama juu ya jiwe lililoinuka kuliko yote
na kanzu ya majira yaliyopita,
akikoroma kama mtu anayeburura kiti sakafuni.

Mkewe yuko hatua kumi tu kutoka hapo.
Mimi nilimtafuta asubuhi nzima,
nusura nimkanyage.
Mgongo wake ni nyasi zile zile,
kifua chake kokoto zile zile;
jicho ndilo lililomsaliti, lilipopepesa.

"Huyu mume ni mjinga," nikasema.
Uqsuralik hakuinua uso. Alikuwa akishona
kitambaa cheupe cha kuwindia sili,
kile ambacho Kalluk hujibanza nyuma yake
akitambaa juu ya barafu, pumzi kwa pumzi.
"Si mjinga. Anaposa.
Ukijificha sana, nani atakuona akupende?"

Juu, kozi anazunguka.
Kozi hana habari na posa za watu.
Jana nilikuta manyoya kilimani,
meupe, mengi,
barua iliyochanwa kabla ya kusomwa.
Huyo alikuwa jirani.

Wetu aliishi mpaka mayai yakatagwa.
Ndipo akashuka jiweni,
akaliendea dimbwi,
akajigaragaza: kifua, bawa, shingo,
kwa bidii ya mtoto aliyevalishwa nguo za sikukuu.
Manyoya mapya yangechukua wiki kadhaa kuota.
Tope halina foleni.

Uqsuralik akacheka hadi sindano ikamchoma.
Akanionyesha koti la Kalluk ukutani,
lile alilokwenda nalo dansini, ukumbini,
mwaka ule walipoonana,
jeupe pe, hata taa zililionea haya.
Leo lina mafuta ya sili mpaka kwenye kola,
na begani, cheulo la mtoto, limekauka.

"Umeona?" akasema, akikata uzi kwa meno.
"Ameshapata."

Nikatoka nje kulitazama tena lile jiwe.
Palikuwa na mawe tu.
Mawe, na moja likapepesa.