Kisanduku cha Mengineyo

Fomu imekuja Jumatatu, inatakiwa Ijumaa.
Safu arobaini na mbili, na kila safu ina njaa:
makala ngapi, zimenukuliwa mara ngapi,
wageni kutoka nje wangapi, ufadhili kiasi gani,
maprofesa wangapi kwa kila wanafunzi mia.
Mimi ni karani wa takwimu, ghorofa ya pili, chumba cha mwisho.
Feni imekufa tangu Pasaka,
na upepo wa Dodoma unapenyeza vumbi jekundu
mpaka chini ya vitufe. Herufi M inakwama;
siwezi kuandika "mtafiti" bila kuigonga mara mbili.

Mwaka nilioajiriwa, kilima hiki kilikuwa vichaka na mawe,
majengo manne, na tangi la maji la kuazima.
Wanafunzi wa kwanza walishuka na ndoo zao.
Leo mabweni yamekwea mteremko, sioni yanakoishia,
maabara ina darubini yenye chumba chake na kufuli lake,
na mkuu anasimama mkutanoni:
"Tumepanda ngazi tisini na nne!"
Tunapiga makofi. Nami napiga,
maana ngazi hizo nilizibeba kwa vidole hivi,
usiku, mtandao ukikatika.

Lakini nimekulia jirani na mnada wa Msalato.
Nawajua wanaowanywesha ng'ombe maji ya chumvi alfajiri
ili tumbo lijae kabla dalali hajafungua mdomo.
Ng'ombe hanenepi siku ya mnada, ndivyo tulivyofunzwa.
Mimi nimewaona wakinenepa,
wiki moja, kila mwaka, msimu wa fomu:
makala moja inachanwa vipande vitatu,
Fulani anamnukuu Fulani, Fulani anarudisha fadhila,
nami najumlisha.

Dakta Ndahani hakuleta ng'ombe.
Alileta daftari lenye madoa ya mafuta ya karanga.
Misimu mitatu amelala Kongwa akipima sumukuvu,
ile isiyoonekana,
inayokaa ndani ya punje kama mgeni mwenye adabu
hadi macho ya mtoto yageuke manjano.
Huko alimkuta mkulima Chilongani,
ambaye hakumngoja mtafiti:
alikwishafunga kichanja cha mabua ya mtama,
karanga zikauke hewani, zisiguse udongo.
Dakta akapima. Akapima tena.
Hakuamini, akarudi na mashine nyingine.
Kisha wakaandika, wote wawili, kijitabu,
kurasa kumi na mbili, Kiswahili,
na neno la Kigogo pale Kiswahili kilipopungukiwa.
Kimoja nilikikuta sokoni kimefungia maandazi,
kimesomwa hadi pembe zimelainika.
Nukuu: sifuri.

Nikamuuliza, na ile makala?
Ipo kwa wahariri, akasema, mwezi wa kumi na saba.
Wanataka aeleze Kongwa ina umuhimu gani kwa dunia.
Akacheka kidogo,
kama mtu aliyetafuna punje chungu mbele za watu.

Sina ugomvi na kipimo.
Bila kipimo, sumukuvu ingali inaitwa uchawi,
na jirani fulani angekwishachomewa nyumba.
Ninachouliza ni hiki tu:
chekeche hili lilisukwa kwa nafaka ya nani?
Maana uwele wetu unapita kwenye matundu yake
wote, hadi wa mwisho,
kisha tunaambiwa hatukuvuna.

Alhamisi, saa nne usiku.
Chini kabisa, baada ya safu ya arobaini na mbili,
kuna kisanduku: Mengineyo.
Herufi mia mbili na hamsini, zisizidi.
Nimeandika kichanja, nimeandika mabua,
nimeandika vijiji sita, na watoto ambao mwaka huu
hawakupelekwa hospitali kwa ajili ya hilo
(watoto wasiougua huwahesabuje?),
nimeandika Dakta, nimeandika mkulima.
Mashine imekataa. Wekundu umewaka:
umezidi kwa herufi kumi.

Naipitia sentensi mbele na nyuma.
Kila neno limeshika mwenzake.
C, h, i, l, o, n, g, a, n, i.
Kumi kamili.
Kishale kinawaka, kinazima, kinawaka
mbele ya jina lake,
na kidole changu kipo juu ya kitufe cha kufuta,
kina vumbi.