Mungu si Athumani

Wiki ya pili sasa nimekununia.
Msala nimeuanika juu ya bati
pamoja na godoro, pamoja na sare za shule,
na sijaushusha.
Tope la Msimbazi halitoki kwa jua tu,
linataka kusuguliwa,
na mikono yangu ina kazi nyingine:
inafunua daftari la Zuwena
ukurasa baada ya ukurasa, zisigandane.

Mama Nkinda alikuja na sufuria ya wali,
Mlutheri, mtu mwema, miguu imemvimba.
Akakalia ndoo iliyopinduliwa, akasema:
Kazi ya Mungu haina makosa.
Nikamwangalia.
Nikaangalia daftari. Kugawanya kwa tatu,
hesabu kumi, vema saba, kosa tatu,
wino mwekundu umechuja hadi ukurasa wa pili.
Haina makosa, sawa.
Nani alisahihisha?

Ustadhi naye akanituliza:
aliyekufa maji ni shahidi.
Mtoto wa miaka minane, shahidi wa nini?
Alishuhudia nini
zaidi ya giza na friji ya jirani ikielea?
Basi mwite atoe ushahidi.
Mimi nitakaa mbele kabisa.

Wanasema mlijenga bondeni.
Kweli tulijenga. Alama ya manispaa
bado iko ukutani, ule ukuta uliobaki.
Na mvua haikupendelea, nakiri:
ilinyesha Masaki, ilinyesha Kigogo.
Ulipendelea mteremko.
Na mteremko aliuchonga nani?

Usiku ule nilikuita kwa majina yako,
yale ninayoyajua, nikayarudia,
Mwenye kusikia, Mwenye kuona,
mpaka sauti ikakatika kama umeme.
Maji yalikuwa kifuani.
Aliyeitika ni Athumani,
mlinzi wa ghala la mbao, mlevi wa gongo,
ambaye mtaa mzima tulikuwa tunamwita vingine.
Kamba ya katani kiunoni, filimbi mdomoni.
Akamchukua Mwajabu. Akamchukua Hamidu wangu.
Akarudi, akambeba bibi wa chumba cha uani
aliyekuwa akimtukana njia nzima.
Akarudi.
Zuwena alikuwa ameshika nondo ya dirisha.
Ukuta ukaenda, na dirisha, na nondo, na

Mungu si Athumani.
Nimekua na maneno hayo. Bibi yangu kule Kisiju
aliyasema kila alipopunjwa bei ya nazi,
maana yake: ngoja, Yeye hana upendeleo,
haki iko njiani.
Sasa nimeyaelewa vingine.
Kweli wewe si Athumani.
Athumani alikuja.
Athumani magoti yamechanwa na mabati.
Athumani siku tisa yuko kizingitini kwangu,
hawezi kuniangalia usoni,
anasema, Dada, nilichelewa, nisamehe.
Wewe hujasema.

Jana Hamidu aliniuliza, Mama, Mungu yupo?
Nikamjibu, Kama hayupo, nimemnunia nani?
Akacheka. Mara ya kwanza tangu siku ile.
Nami nikacheka,
halafu usiku nikaona lile si jibu.
Mtu hununia hata mlango uliombana kidole.

Alfajiri adhana ilipopigwa
mikono ilikwenda yenyewe kwenye kata,
ikanawa hadi viwiko,
mazoea ya miaka thelathini hayaulizi kitu.
Hapo nikasimama.
Nikabaki nachuruzika maji,
maji yale yale,
sijui nielekee wapi.

Nje Athumani alikohoa.
Nikajipangusa kwa kanga,
nikabandika chai.